Uso Uliosafishwa

Shamsia Mbaruku alikuwa na kinyaa tangu utotoni, na pale Chanika, Handeni, walimjua kwa hilo. Hakunywa maji kwenye kikombe alichonywea mtu mwingine. Uji ukipoa ukafanya ngozi juu, haugusi tena hata umchape. Mama yake, Bi Mwaija, alikuwa akiwaambia majirani kwamba huyu mtoto atakufa njaa siku atakayoolewa kwa watu. Hakufa njaa. Aliolewa na dereva wa lori anayeitwa Ramadhan, mtu mpole asiyekaa sana nyumbani, akahamia Korogwe. Kinyaa chake akahama nacho. Ila alipokuwa mtu mzima hakikuwa tena cha vikombe wala uji. Kilikuwa cha picha.

Kazi ya picha alijifunza kule kule Handeni kwa Mzee Adamu, aliyekuwa na studio enzi za mwisho za filamu. Mzee Adamu kila negativu, kile kipande cha filamu kilichobeba picha ya asili, aliifuta vumbi, akaiweka kwenye bahasha yake, akaandika jina, akaifungia kwenye sanduku la bati. Picha ya ukutani ikiliwa na mchwa, au mke na mume wakigombana wakaichana, mwenyewe anakuja, Mzee Adamu anafungua sanduku na kumsafishia nyingine mpya kabisa. Shamsia aliliona jambo hilo mara nyingi, na kila mara lilimfurahisha, ule uso kurudi vilevile kama siku ulipopigwa.

Filamu zilipokwisha akanunua kamera ya kidijitali, na swali lake la kwanza lilikuwa moja: sasa negativu ni ipi? Aliuliza mafundi, akasoma, akajaribu uso mmoja kwa namna tofauti mpaka akaridhika. Faili la JPEG ni jepesi na kila simu inalifungua, lakini kila linapohifadhiwa kompyuta hutupa baadhi ya vitu ambavyo kamera iliviona: kivuli hapa, unywele pale, vile inavyodhani jicho halitavikosa. Ukilifungua ukarekebisha kitu ukahifadhi tena, inatupa tena. Faili la TIFF ni zito, linajaza diski upesi, kwenye simu halina kazi, lakini halitupi kitu. Basi Shamsia akaamua. Kila picha aliihifadhi kwanza kwa TIFF na hiyo akawa haigusi tena. Ya ukutani aliisafisha kutoka humo. Mteja akitaka ya kutumia kwenye simu alimtolea nakala ya JPEG, moja kwa moja kutoka kwenye ile ya asili.

Nakala ya nakala ya nakala aliiona kama chakula kilichokwisha kutafunwa na mtu mwingine. Watu walimletea picha zilizokwisha pita simu hata hazihesabiki, mtu kamtumia shangazi, shangazi kaiweka kwenye kundi la ukoo, mwingine kaikata juu na chini, mwingine kaipiga tena kwenye kioo cha simu yake, na sasa wanataka iwe kubwa ya sebuleni. Shamsia alizishika simu hizo kwa ncha za vidole. Ngozi ya bibi harusi imekuwa miraba miraba kama gamba la mamba, nywele zimekuwa tope, pembeni mwa shavu pana ukungu mchafu kama ukoko wa usaha.

"Hii sikusafishii kubwa," alikuwa anasema. "Postikadi, labda. Ukubwa huo mwingine utakuja kunitukana."

Wengine walichukia wakaenda kwingine. Waliobaki walikuwa wanatosha.

Abdulaziz ndiye aliyeiongeza ile studio. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Shamsia, kwa hiyo kwa desturi ya kwao ni mdogo wake kabisa. Alikuja Korogwe hana kazi ila ana mdomo mtamu. Aliwachekesha maharusi mpaka wakasahau kamera, aliwajua washereheshaji wote, alipiga video za harusi, kipaimara na maulidi, na kabla ya muda mrefu watu wakawa wanakuja kumuuliza yeye. Shamsia hakumwonea wivu. Alimpenda, akampa nusu ya studio, na waligombana kwa jambo moja tu.

"Dada, hili faili lako moja linakula nafasi ya picha mia," Abdulaziz alimwambia siku moja akiwa amekaa mbele ya kompyuta. "Nani atakuja kuliulizia?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe anaangalia kwenye simu. Kioo chenyewe kama kiganja. Mpe JPEG ndogo kabisa, atakushukuru."

"Na siku akitaka ya ukutani?"

"Tutaipanua."

"Utapanua nini, Azizi, ambacho hakipo?"

Abdulaziz akacheka akasema dada yake anapenda kubeba mizigo. Shamsia akadhani yamekwisha.

Asubuhi moja ya manyunyu aliingia studio mwanamke mwenye kilemba cheusi, viatu vyake vimejaa udongo mwekundu wa milimani. Alijitaja kuwa Grasiana, ametoka Dindira. Baba yake, Mzee Simeo, amefariki, mazishi ni Jumamosi. Familia inataka picha yake kubwa ya kuweka mbele ya jeneza, baadaye ibaki sebuleni.

"Mlimpiga hapa hapa," Grasiana alisema, akatoa simu. "Siku ya jubilei ya ndoa yao. Hii ndiyo tuliyo nayo kwenye kundi la familia, lakini naona kama imeharibika."

Shamsia hakuhitaji hata kuiangalia. Alimkumbuka yule mzee. Alikuwa mkulima wa chai, aliteremka na mkewe Emiliana baada ya misa, koti lake lina unyevu wa ukungu. Kope ya jicho la kushoto ilikuwa imeshuka kidogo, na kovu lilitoka chini ya mdomo mpaka kidevuni. Alikataa kabisa kutabasamu. Shamsia alimsimamisha karibu na mlango, mahali mwanga wa mawingu unapoingia bila kumchoma mtu, akampiga. Ilipotokea kwenye kompyuta aliona kila unywele wa ndevu, kila tone lililoning'inia kwenye sufu ya koti, na yale macho ya mtu anayesubiri upumbavu wa mwenzake umalizike. Katika kazi zake zote hakuna aliyoipenda kuliko hiyo.

"Achana na hiyo ya kwenye simu," alimwambia Grasiana. "Mimi ninayo yenyewe. Atatoka kama yuko mlangoni."

Grasiana akaanza kulia kwa faraja. Shamsia akakaa kwenye kompyuta, akatafuta jina, akabonyeza.

Picha ikafunguka papo hapo. Wepesi huo ndio uliomshtua, maana faili zito kama lile huwa linajivuta kidogo kabla ya kufunguka. Akaisogeza karibu. Kovu lilikuwa miraba mitatu ya kahawia. Ndevu zilikuwa doa. Lile jicho la kushoto lilikuwa limeyeyuka likaungana na shavu, na kuzunguka kichwa chote palikuwa na ule ukungu mchafu alioujua. Akaangalia mwisho wa jina la faili, akakuta ni JPEG.

Akafungua nyingine. Mama wa Kerenge na mapacha wake: JPEG, ndogo, miraba. Akafungua harusi, ubatizo, wazee wa Chanika aliowapiga sikukuu baada ya sikukuu na wengi wao wamekwisha kufa. Zote vilevile. Alikuwa kama mtu aliyeingia ghalani akakuta panya wamekula ndani ya kila gunia na magunia yamebaki yamesimama.

Alimwambia Grasiana arudi baadaye kidogo. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma akatapika kwenye mfereji.

Abdulaziz alikuja akiwa na mfuko wa chipsi, akaanza kula huku vidole vyenye mafuta vikibonyeza kompyuta. Shamsia alivitazama vile vidole.

"Azizi, picha zangu umezifanya nini?"

"Zipi?"

"Za asili."

"Aah, zile. Nilizipunguza. Si kipindi kile cha harusi za mwisho wa mwaka? Kompyuta ilijaa. Kuna programu inazifanya zote kwa mkupuo, unaiacha, unakwenda kula, ukirudi imemaliza." Akatabasamu. "Na umeona? Muda wote huo hukugundua."

"Na zenyewe?"

"Nilifuta. Sasa maana ya kupunguza ni nini?"

"Kuna diski ya pili, ya akiba."

"Ile ndiyo niliyowekea video."

"Umefuta watu," Shamsia alisema.

"Nimefuta mafaili, dada. Watu si hao hapo? Unawaona. Huyu si Mzee fulani wa Dindira?" Akamgusa Mzee Simeo usoni kwa kidole, pale kwenye kioo, akaacha alama ya mafuta. "Mimi huyu nakutengenezea sasa hivi. Kuna kitu kwenye simu, unakipa uso mbaya kinakurudishia uso safi. Kinajaza chenyewe."

"Kinajaza na nini?"

"Na... uso. Kimeona nyuso nyingi."

Shamsia alimwambia asimguse yule mzee, asimguse kabisa, na Grasiana akirudi amwambie asubiri. Akachomoa diski zote mbili, akazifunga kwenye mtandio, akapanda basi la Handeni. Huko kulikuwa na Faraji, fundi wa kompyuta aliyesoma naye, ambaye alisifika kwa kurudisha vilivyofutwa.

Faraji aliunganisha diski, akakaa nazo mpaka alasiri. Shamsia alikaa kwenye kigoda bila kula. Kwenye kioo yalipita majina ya mafaili yaliyokufa, mengi kwa herufi nyekundu.

"Dada Shamsia," Faraji alisema, "kama angefuta tu, ningekupa hata leo. Tatizo ni hizi video. Zimeandikwa juu yake. Pale palipokuwa na picha zako sasa kuna watu wanacheza muziki."

Alipata vipande. Kimoja kilikuwa cha Mzee Simeo. Kilifunguka polepole kama zamani, na kwa kitambo Shamsia akashika kifua: nywele zile, mvi kwa mvi, paji la uso na mikunjo yake, tone la ukungu juu ya nyusi. Chini ya nyusi ikaja rangi ya kijivu mpaka mwisho. Hapakuwa na jicho, hapakuwa na mdomo, hapakuwa na kovu.

Alilala kwa mama yake Chanika. Asubuhi alirudi Korogwe akiwa amekwisha amua kumweleza Grasiana ukweli. Alimkuta Abdulaziz anafagia mbele ya studio, anaimba.

"Nimekuokoa," Abdulaziz alisema. "Yule binti alirudi analia, nikamtengenezea. Imetoka kubwa kama mlango wa kabati, na fremu nimempa. Ameipenda sana. Imekwisha panda Dindira."

Akamwonyesha kwenye simu.

Palikuwa na mwanamume ndani ya koti la Mzee Simeo. Ngozi yake ilikuwa laini kama sabuni iliyolowa, na nyeupe kuliko ya mtu yeyote wa ukoo ule. Kope zote mbili zilikuwa juu, sawasawa. Kovu halipo. Midomo ilikuwa imefunguka kidogo, na ndani yake, yule mzee aliyekataa kutabasamu alikuwa na meno, safu nzima ya meno meupe yaliyobanana kama vigae vya bafuni. Shamsia aliyatazama yale meno. Si ya Simeo, si ya mtu yeyote. Yametoka wapi? Ni ya nani na nani, yakasagwa pamoja, yakatiwa kinywani mwa maiti? Mwili ulimsisimka kama mtu aliyekuta unywele kwenye tonge akiwa tayari amelimeza.

"Nilikwambia usimguse."

"Dada, mteja analia mbele yangu, nifanye nini? Nimwambie asubiri negativu?" Akacheka, kisha alipouona uso wa Shamsia akaacha. "Mbona unanitazama kama nimekanyaga mavi?"

Shamsia aliingia ndani, akalifungua lile faili dogo lililobaki, lile la miraba. Hakulipanua wala hakulirekebisha. Akalisafisha kwa ukubwa wa postikadi, maana kwa udogo huo miraba hujificha na uso unarudi kuwa uso. Haukurudi wote. Kovu lilionekana, na kope iliyoshuka ilionekana. Koti halikuwa na unyevu tena. Akaifunga kwa karatasi safi.

Jumamosi alipanda Dindira kwa bodaboda. Barabara ilikuwa utelezi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya chai, na alipofika msibani vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Uwanja ulikuwa umejaa watu. Chini ya turubai palikuwa na jeneza, na mbele yake, juu ya kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe, ilikaa ile sura.

Watu walikuwa wanaipenda. Hilo Shamsia hakulitegemea. Vijana walisogea wakapiga picha ile picha kwa simu zao, wakazitumiana hapo hapo wakiwa wamesimama. Mama mmoja alisema, "Jamani Simeo, amependeza kama padri wa Ulaya." Mwingine akasema, "Kumbe ujanani alikuwa mzuri hivi!" Na yule wa kitini akawachekea wote, na ukungu ukatua kwenye kioo cha fremu ukateremka kwenye yale meno kama mate. Shamsia aligeuza uso. Alihofu atatapika msibani kwa watu.

Mjane, Mama Emiliana, alikuwa amekaa ndani na wanawake, kwenye mkeka, mgongo ameuelekeza mlangoni. Shamsia alivua viatu, akapiga magoti.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Tumepoa." Emiliana akamtazama vizuri. "Wewe ndiye wa picha."

"Ndiyo mama."

"Ile ya nje umepiga wewe?"

"Hapana. Mimi nilimpiga mzee siku ile mliyokuja wote. Ile ya nje siyo."

Emiliana alisogea karibu, akashusha sauti. "Wameniambia ni yeye. Watoto wangu wenyewe wameniambia, mama, ni baba, ni vile amesafishwa tu. Nimekaa na yule mtu tangu nikiwa binti. Lile kovu alijikata na panga akinifyekea njia ya kisimani, nikalifunga mimi kwa nguo yangu. Sasa wamelifuta, wakamtia meno. Nani kawaambia Simeo alikuwa mchafu?"

Shamsia alitoa ile postikadi. Emiliana aliifungua karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mbona kadogo hivi?"

"Mama, kubwa ilipotea. Ilifutwa kwangu, kwenye studio yangu. Zaidi ya ukubwa huo itabidi nidanganye."

Emiliana hakumshukuru. Aliendelea kuitazama, akapitisha ukucha pale kwenye kovu, kisha akaitia ndani ya blauzi upande wa moyoni na kujifunika khanga. "Kaa ule," alisema.

Grasiana alipomwona Shamsia alimshika mikono akamsifia kazi, na Shamsia akamweleza ukweli wote, taratibu, kando ya jiko la nje. Grasiana alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, nakuelewa. Lakini watu wote wamekwisha kuiona. Nikiitoa sasa watasema tumegombana." Kwa hiyo yule mwenye meno aliongoza msafara mpaka kaburini, amebebwa kifuani na mjukuu, akitabasamu kwa waombolezaji mbele ya jeneza la mtu mwingine.

Juma lililofuata Shamsia alimwambia Abdulaziz waachane. Hakupiga kelele. Alimwambia achukue video, taa na wateja wake wa harusi, yeye abaki na chumba na kamera. Habari zikafika Chanika, wakaitwa wote wawili. Bi Mwaija na mama mdogo walikaa upande mmoja wa jamvi, sura zimekunjamana.

"Umemfukuza mdogo wako," Bi Mwaija alisema, "kwa ajili ya picha ya Msambaa aliyekwisha kufa?"

"Sijamfukuza, mama. Nimeshindwa kukaa naye."

"Amekuibia?"

"Hapana."

"Amekutukana?"

"Hapana, mama."

"Basi ni nini?"

Shamsia alijaribu kueleza. Alieleza mafaili, alieleza Kerenge na mapacha, alieleza wale wazee wa mtaa ule ule walioyeyuka ndani ya kompyuta, na akina mama hao wawili walimtazama kama anaumwa. Mwishowe akasema tu, "Nikimwona akigusa picha ya mtu, tumbo linapinduka." Mama yake akatikisa kichwa, akasema hicho kinyaa hata shule haikukiponya. Abdulaziz hakukasirika. Alisema anamsamehe dada yake, na hilo la kusamehewa Shamsia alilimeza kwa shida kuliko mengine yote.

Abdulaziz alipanga chumba ng'ambo ya barabara, akakipaka rangi ya machungwa, akaweka taa zinazowaka na kuzima. Biashara ikamwendea vizuri tangu siku ya kwanza. Shamsia alinunua diski mpya, akaanza upya. Sasa kila mteja aliondoka na faili lake kamili la TIFF kwenye flashi, apende asipende, na wengi hawakupenda, walirudi kulalamika kwamba halifunguki kwenye simu.

Msimu wa baridi ulikuwa unakaribia kwisha Mama Emiliana alipoteremka Korogwe peke yake, amevaa gauni jipya la kitenge na khanga begani. Shamsia alimwona kupitia mlangoni akishuka kwenye gari, akatoka kumpokea. Emiliana hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amesimama katikati ya barabara ametazama ng'ambo, kwenye dirisha la Abdulaziz.

Walikuwa wamewekwa wawili, bega kwa bega, kwenye fremu moja. Kushoto palikuwa na Mzee Simeo wa miraba, ameachwa ameharibika hivyo makusudi, na juu yake pameandikwa KABLA. Kulia alikuwa yule wa sabuni na meno. Juu yake pameandikwa BAADA. Shamsia alizoea kutoangalia upande ule, na kwa sababu hiyo hakujua.

Emiliana alivuka. Abdulaziz alitoka akiwa na tabasamu lake la maharusi.

"Shikamoo mama. Karibu sana."

"Marahaba. Mwanangu, yule ni mume wangu. Mtoe."

Abdulaziz aliangalia dirisha, akamwangalia Emiliana, akakumbuka. Hakuaibika, alitafakari kama mtu anayetafuta bei nzuri. "Pole, mama. Lakini nilisikia ulisema msibani kwamba huyu wa kulia siye yeye. Si ndivyo?"

"Siye."

"Basi, mama, kama siye, ubaya uko wapi?"

Emiliana akatema mate chini, karibu na kizingiti, kama mtu anayetoa mdudu mdomoni.

Shamsia alikwisha vuka barabara. Alimpita Abdulaziz, akaingia kwenye chumba kile kwa mara ya kwanza, akapanda kiti, akaishusha fremu dirishani. Abdulaziz alisema, "Dada, hiyo ni mali yangu," lakini hakumzuia. Watu walikuwa wameanza kusimama. Shamsia alitoka nayo ameishika mbali na mwili wake.

"Niifanye nini, mama?" aliuliza walipofika nyuma ya studio.

"Choma."

Walichoma uani, kwenye pipa la takataka. Haikuwaka vizuri. Karatasi ile ilikuwa na ngozi ya plastiki, ikajikunja, ikatoa mapovu, na moshi wake ulikuwa mzito, mtamu, mbaya, ukaganda kooni na kwenye nguo. Meno yalichelewa kuliko vingine vyote kuungua. Wote wawili walikohoa. Hakuna aliyeondoka mpaka pakawa na jivu na donge jeusi lililoganda chini ya pipa. Shamsia alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena.

"Nilikuja nipigwe," Emiliana alisema akijifuta macho. "Wanangu nawajua. Siku nikifa watatafuta kwenye simu, watampa mtu kama huyu. Nataka waikute yangu ipo. Kubwa, mwenyewe nimeishika."

Shamsia alimsimamisha karibu na mlango. Emiliana alikataa poda, akakataa kurekebishwa kilemba. Alikuwa bado na ule moshi kooni, na kamera ilipolia mara ya kwanza alikuwa amekunja pua na kuvuta mdomo upande mmoja, macho yamekuwa membamba. Shamsia aliitazama akasema watarudia.

"Nionyeshe."

Akamwonyesha. Emiliana alijiangalia, mikunjo yote, pua ile iliyokunjamana, mdomo wa mtu aliyeonja kitu kilichooza.

"Hiyo hiyo," alisema.

"Mama, umekunja uso."

"Ndiyo. Waone nilivyowatazama."

Shamsia akakaa kwenye kompyuta akaihifadhi, TIFF, bila kupunguza kitu, kwenye diski ya kwanza na ya pili. Ya tatu aliitia kwenye flashi, na kubwa akamsafishia, akaifunga kwa karatasi. Emiliana aliifunga flashi kwenye pindo la khanga, akaibana fundo kwa meno yake machache, akaulizia gari la Dindira linaondoka saa ngapi.